Jina la Shosho Juu ya Geti

Swali lililoninyima usingizi juma zima lingemchukua mtu mwingine dakika moja kulijibu. Je, nisimame chini ya geti lililoandikwa jina la shosho, nyanya yangu mzaa mama, nisome karatasi ya shukrani mbele ya wageni, au nisiende kabisa? Mimi ni mtu wa kufikiria kupita kiasi. Mama husema nikipewa chai naanza kuuliza maji yametekwa wapi. Basi nililala chali katika chumba changu cha kupanga hapa Kimbo, nikaligeuza swali hilo kama mtu anayegeuza chapati ambayo tayari imeungua pande zote mbili.

Habari zenyewe zililetwa na mjomba. Kampuni inayojenga nyumba za kifahari kule Theta, mahali palipokuwa shamba la kahawa, ilikuwa imesikia kwamba shosho alipigania uhuru na kuwasaidia watu maisha yake yote. Wakaamua kumheshimu. Geti kuu lingeitwa kwa jina lake, na lingefunguliwa Sikukuu ya Jamhuri. Familia ingetoa shukrani, na msomaji ningekuwa mimi kwa sababu ndimi mwenye digrii. "Na ubebe CV," mjomba akaongeza. "Mabosi wote watakuwa hapo."

Nimemaliza chuo, sina kazi, kodi nalipiwa na mama. Unaelewa jinsi neno hilo la CV lilivyoniingia.

Kabla ya kujibu nilienda kuliona geti. Nilikuwa sijafika upande ule tangu tulipomzika shosho. Kahawa ilikuwa imeng'olewa yote, na vumbi la simiti limekalia kila jani. Ukuta wa mawe ulianzia mbali na kuishia mbali. Herufi za jina la shosho zilikuwa bado hazijapandishwa, zimelazwa chini kwenye nyasi, kubwa, za chuma, rangi ya dhahabu. Nilisimama nikijaribu kukumbuka njia yetu ya mtoni ilipita wapi. Nikatafuta mteremko, nikatafuta lile jiwe jeusi tulilokuwa tukinolea visu. Jiwe nililiona. Njia ilikuwa ikipita palepale geti liliposimama.

Wewe rafiki yangu, kama ulikulia pande hizi utakumbuka harufu ya kahawa ikichanua baada ya mvua, tamu mpaka kichwa kinauma kidogo. Mimi nililelewa ndani ya harufu hiyo. Mama alifanya kazi kiwandani Thika na kuja mwisho wa juma, kwa hiyo aliyenilea ni shosho, katika nyumba ya mabati iliyopakana na shamba. Asubuhi niliamshwa na sauti ya shoka lake, halafu redio, halafu yeye mwenyewe akibishana na redio. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji mtoni, kwa njia iliyokatiza katikati ya mibuni. Nilirithi jina la guka, mumewe, kwa hiyo shosho aliniita mume wangu. "Mume wangu, umelisha mbuzi?" "Mume wangu, kamasi hiyo unamwekea nani?" Majirani walicheka, mimi nikaona haya, lakini niliposikia akiniita jina jingine nilijua nimekosea.

Guka simkuti katika kumbukumbu zangu. Alishikwa wakati wa hali ya hatari, akakaa kizuizini miaka, akarudi na mgongo usionyooka, akafa mama akiwa mtoto mdogo. Shosho alikuwa msichana aliyeolewa juzi wakati walipofungiwa katika kijiji cha mtaro, kilichozungushiwa handaki, yeye na wanawake wa ukoo mzima. Walitolewa nje muda mfupi tu kwa siku kutafuta kuni, wakilindwa na ngati, wale watu wetu wenyewe waliobeba bunduki za mkoloni. Mwanamke akirudi na kuni nyingi kuliko wenzake aliulizwa anampikia nani msituni. Shosho alipigwa kwa sababu ya kuni. Alikuwa na kovu nyuma ya sikio, na mimi nililigusa mara nyingi aliponibeba mgongoni, nikidhani kila shosho anazaliwa nalo.

Siku uhuru ulipokuja, wanawake hawakwenda kucheza ngoma kwanza. Walikwenda kutafuta kuni. Kila mmoja alibeba alizotaka, bila mlinzi, wakapita katikati ya shamba la kahawa, kwa barabara ya gari la Mzungu mwenye shamba, ambayo mtu mweusi alipigwa marufuku kuikanyaga asipokuwa kazini. Wakaenda mtoni, wakawasha moto, wakapika, wakalisha kila aliyepita. Hiyo ndiyo sherehe yao.

Baadaye Mzungu aliuza shamba na mwenyeji mmoja akalinunua. Jambo la kwanza alilofanya ni kuzungusha waya. Shosho alisimulia hilo bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua. Alifunga leso kichwani, akaenda kukaa kwenye ngazi za ofisi ya chifu. Alirudi kesho yake. Wenzake wakamfuata, wakakaa pamoja naye wakimenya maharagwe, mpaka chifu akachoka kuruka mapaja ya wanawake kila akitaka kuingia kazini kwake. Njia ikafunguliwa. Tangu hapo, kila Jamhuri, kila nyumba ilitoa ukuni mmoja na mtu mmoja wa kuubeba kupita katikati ya shamba hadi mtoni. Nilipomuuliza shosho kwa nini tusipike nyumbani tu, aliniambia, "Tusipopita mwaka huu, mwaka ujao watasema hatukuwahi kupita."

Sikuelewa. Nilifikiria githeri.

Na githeri hiyo, rafiki yangu! Mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu alfajiri, yakakaangwa kwa kitunguu na mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria kubwa ambayo ningeweza kulala ndani yake. Moshi ulishikana na ukungu wa mto. Walikuja wachuma kahawa ambao hawakuwa na kwao karibu, walikuja walevi wa usiku uliopita, alikuja hata msimamizi wa shamba, akijifanya anakagua waya. Jirani yetu mama wa maziwa alimpigia kelele, "Kaa chini ule, wewe! Au unaogopa shosho atakuambia ulipe wachumaji?" Watu wakaangua kicheko, naye akakaa, akala, maana kila mtu alijua juma lile lile shosho alikuwa amempeleka ofisini kwa ajili ya mama mmoja aliyevunjika mkono akichuma na kunyimwa malipo.

Sheria ya sufuria ilikuwa moja. Aliyepika anakula mwisho, na hali mpaka njia iwe tupu. Shosho alisimama na mwiko akiangalia juu ya mteremko. Mtu akitokea kule mbali, hata mtoto, alirudisha kifuniko na kungoja. Mara nyingine alikula jua likizama, chakula kimeshapoa na kuganda mafuta. Nilimhurumia. Yeye alikula kama malkia.

Mara moja alinipeleka Thika kumwona mama, kisha tukaenda kuangalia maporomoko ya Chania. Maji yalinguruma mpaka nikashika sketi yake. Alisimama wima kabisa, mkoba kifuani. "Guka wako alipita hapa na kipande, kile kibali cha Mzungu, kikining'inia shingoni kama mbwa wa mtu," alisema. "Wewe simama hapa mpaka uchoke." Tukasimama. Nilichoka haraka sana. Yeye hakuchoka.

Hakupewa nishani wala shamba. Alipata magoti mabovu na jina la mwanamke msumbufu. Mwaka ule wa ugonjwa wa dunia nzima, mikusanyiko ilikatazwa, hatukupita. Mwaka uliofuata shosho alikuwa kitandani, na wachache waliojaribu walirudishwa na mvua. Kisha tukamzika. Shamba likauzwa tena, wachumaji wakatawanyika, na kila mmoja wetu akawa na sababu nzuri. Hakuna aliyekuja na bunduki. Walikuja watu wenye heshima na karatasi za ramani, na katika ramani hizo hapakuwa na njia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuipita.

Nilimpigia mjomba simu.

"Anko, ile geti imekaa kwa njia."

"Njia gani?"

"Ile ya kuni."

Alicheka, si kwa ubaya. "Wee kijana, hiyo ilikuwa njia ya watu wasio na gari."

"Shosho hakuwa na gari."

"Ndiyo nasema! Mtu amekufa maskini, leo jina lake linawekwa kwa mawe, na wewe bado unafikiria? Tukikataa hiyo heshima wataweka jina la ua. Unataka waweke la ua?"

Hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu hakuwa amekosea. Nikikataa, ukuta hautaanguka. Nikikubali, hautapanda hata jiwe moja. Karatasi ya shukrani walishaiandika na kunitumia. Ilisema shosho alipenda amani na mazingira safi. Niliuliza kama ninaweza kuongeza sentensi moja kuhusu njia, nikajibiwa kwa upole kwamba siku hiyo ni ya furaha.

Siku mbili kabla ya Jamhuri nilikwenda Thika kwa mama. Nilimweleza yote, pande zote mbili, nikarudia, mpaka akazima televisheni.

"Mimi nimechoka kupigana na watu," alisema. "Lakini sufuria iko nyuma ya kabati. Uichukue au uiache, lakini usinieleze tena."

Nikainama nikaivuta. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Hapo ndipo nilipoamua, na sikuamua kwa sababu nilikuwa nimepata jibu. Niliamua kwa sababu mikono ilikuwa tayari imeshika masikio ya sufuria. Nilimwandikia mjomba kwamba sitasoma. Usiku wa kuamkia Jamhuri mama alichemsha mahindi na maharagwe.

Asubuhi ya Jamhuri nilishukia Theta na sufuria ya githeri begani na ukuni mmoja kwapani. Nilipitia kwa mama wa maziwa. Amezeeka sana, ng'ombe alishauza. Aliposikia ninakokwenda aliingia jikoni akatoka na ukuni wake.

"Peleka wangu. Magoti hayanipeleki."

"Wengine je, Mama?"

"Wengine gani? Wako makaburini, au wako Ruiru kwa nyumba za watoto, hawatoki. Peleka tu."

Getini herufi za dhahabu zilikuwa zimepanda juu. Ndani kulikuwa na mahema meupe na muziki. Soja wa kulinda geti, kijana wa rika langu, aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Catering inaingilia nyuma, boss."

"Mimi napita tu. Naenda mtoni."

"Mto gani? Hapa hakuna mto, hapa ni private."

"Uko chini pale. Nilikuwa nikichota maji."

"Boss, usinifutishe kazi," alisema, na nikaona hatanii. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Basi niliwasha moto palepale nje, kando ya lile jiwe jeusi, juu ya mawe matatu. Kuni mbili hazipiki kitu. Moto ulikohoa, ukaanza kufa. Chini ya ukuta walikaa watu wa mjengo, wale waliozijenga nyumba hizo, ambao siku hiyo waliambiwa wakae nje mpaka wageni waondoke. Walikuwa wakinitazama kama mtu anayetazama mwendawazimu mpole. Mmoja akasema, "Huyu atakula mbichi," wakacheka, akainuka na kuniletea kipande cha mbao kilichojaa misumari. Mwingine akaleta chake, halafu mwingine. Hakuna aliyewaambia. Walikuwa na njaa tu.

Kutoka kwenye kipaza sauti nilisikia sauti ya mjomba. Alisoma vizuri. Amani, mazingira safi. Watu wakapiga makofi.

Niliwapakulia watu wa mjengo kwa vifuniko vya mikebe yao na sahani mbili za mama. Nikampelekea soja, akala akiwa amesimama nyuma ya nguzo ili asionekane.

"Sasa huyu mama wa hapo juu ni nani?" fundi mmoja aliuliza, akionyesha herufi kwa kijiko. "Alikuwa na plot kubwa, eh?"

"Hakuwa na plot," nikasema.

"Sasa mbona wamemwandika?"

Nilijaribu kueleza. Nilianza na kuni, nikarudi kwa mtaro, nikasahau chifu, nikachanganya. Walisikiliza kwa adabu ya watu wanaokula chakula cha mtu. Mmoja aliuliza kama kuna nyongeza. Magari yalipoanza kutoka, waliitwa ndani kuondoa mahema, wakashukuru, wakaenda, na geti likafungwa nyuma yao.

Mwakani sidhani kutakuwa na mtu hapo, labda mimi, labda hata mimi nitakuwa na sababu nzuri. Nilifunika sufuria nikaangalia juu ya mteremko, kisha chini, upande ambao njia ilikuwa ikielekea mtoni. Ilinichukua muda kuwa na uhakika, maana mimi ni mtu wa kuhakikisha. Hapakuwa na mtu anayekuja.

Nikachukua mwiko, nikala. Ilikuwa imepoa.