Setilaiti Ikisubiri Mgeni Rasmi

Hivi jamani, nani aliwaambia watu wetu kwamba setilaiti haiwezi kuona mawingu mpaka mgeni rasmi afike?

Siku ile ratiba ilisema tunaanza saa tatu kamili asubuhi. Mafunzo ya siku mbili ya kutumia picha za setilaiti, wapima hali ya hewa pamoja na wanafunzi wa chuo, katika ukumbi mmoja hapa Sumbawanga mjini. Mimi nilikuwa mkufunzi msaidizi, kwa kuwa nimepima mvua na upepo wa Ufipa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kompyuta zilikuwa zimepangwa mezani, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Mshereheshaji, kijana mwenye suti inayong'aa kama sufuria mpya, alitangaza kwamba mgeni rasmi ndiye atakayebofya kitufe, picha ya anga itokee mubashara ukutani. Mpaka hapo, tukae. Tukakaa na masweta yetu, mapazia yamefungwa ili picha ionekane vizuri. Ukumbi mzima wa wapima hali ya hewa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuliona anga. Aibu gani hiyo!

Saa nne simu yangu ikaita. Alikuwa mfugaji mmoja wa Muze, kule chini bondeni, Msukuma aliyehamia na familia yake miaka mingi iliyopita. Anatusomea kipimamvua kilicho karibu na kwake, kwa kujitolea tu. Alitaka kuvusha ng'ombe kwenda malisho ya ng'ambo ya mto. Mto ule ni mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe huku juu, kwenye ukingo wa uwanda wetu. Hapo maji hushuka kwa hasira, hata kama Muze kwenyewe jua linawaka. Aliyeko chini hawezi kujua.

"Mama, nivushe au nisubiri? Nina ndama wengi safari hii, na mke wangu ndiye anayewaswaga."

Nikamwambia asubiri kidogo, tunafungua picha sasa hivi. Akasubiri. Saa sita akapiga tena, nikamwambia hivyo hivyo. Intaneti ilikuwa imekata tangu asubuhi, hata kwenye simu haikuwepo, na sisi tulikuwa tunakula maandazi ya baridi na kufundishwa jinsi ya kusimama mgeni akiingia. Naam, kusimama! Watu wazima wenye diploma zao walifanyishwa mazoezi ya kusimama, mara mbili, eti kwa sababu safu ya nyuma ilichelewa.

Hasira zangu nikazimalizia kwa wanafunzi. Mmoja alishika picha iliyochapishwa kwenye karatasi, akaanza kunieleza mvua itanyesha wapi.

"We mtoto, picha hii ni ya lini?"

Akaigeuza karatasi upande wa nyuma, kana kwamba jibu liko huko. Nikamwambia kwa sauti, wenzake wasikie: kabla ya wingu, kabla ya rangi, soma tarehe na saa pale kwenye kona. Asiyesoma kona akauze vitumbua sokoni Mazwi. Wakacheka sana, nami nikajiona mjuzi kweli kweli.

Mgeni rasmi aliingia saa nane kasorobo. Hakuomba radhi, alisema majukumu yalikuwa mengi. Akahutubia kuhusu teknolojia, akaiita setilaiti "mtambo huu tulionao hapa," huku akiipapasa projekta. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Kisha akabofya. Picha ikajaa ukutani: Ziwa Rukwa, bonde, ukingo, vyote safi, hakuna wingu hata la dawa. Makofi, vigelegele! Mimi niliyebeza kila kitu tangu asubuhi nilipiga makofi pia, nikainama chini ya meza na simu yangu.

"Vusha, baba. Kweupe kabisa."

"Asante sana, mama. Mungu akubariki."

Tukatolewa nje kwa picha ya pamoja. Mpiga picha alikuwa anatupanga, warefu nyuma, wafupi mbele, nilipogeuka. Mashariki yote, upande wa ukingo, kulikuwa kweusi tii.

Nikakimbia ndani. Picha bado ilikuwa ukutani, na pale kwenye kona kulikuwa na tarehe ya jana. Nikamshika fundi wa kompyuta shati.

"Mama, intaneti ilikuwa haipo," akasema. "Ulitaka mgeni rasmi abofye halafu kitokee kiduara kinazunguka tu? Si ningefukuzwa?"

Nikapiga simu Muze. Haikupatikana. Nikapiga tena na tena, huku nje wananiita nije nitabasamu.

Jioni akapiga yeye. Maji yaliwakuta katikati ya mto. Ng'ombe wakubwa walitoka, ndama wote wamekwenda. Mkewe alivutwa mpaka ukingoni akiwa ameng'ang'ania shingo ya ng'ombe jike mmoja. Amevunjika mkono, lakini yu hai.

Mgeni rasmi ni mpuuzi. Mshereheshaji ni mpuuzi, na fundi ni mwoga. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa na mtu avuke au asivuke. Niliulizwa mimi, bingwa wa kona.

Jumamosi nikateremka Muze. Nilimkuta akirudishia miiba kwenye zizi la ndama lililokuwa tupu. Mkewe alikuwa ameketi kivulini, mkono umefungwa bendeji, akanikaribisha kwa kigoda. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya ukweli, moja baada ya jingine.

Mfugaji akaacha kazi, akaja kukaa karibu nami.

"Kwani mama, ile picha ilikuwaje?"

"Mtambo ulikosea," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe na ninyi mlidanganywa. Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa," nikajibu.