Taa ya Rukiyo wa Hadado

Mwaka 1996 Rukiyo alimuuza ngamia aliyekuwa akibeba nyumba yake, akanunua umeme wa jua. Watu wa Hadado walimcheka. Mwanamke wa kuhamahama akikosa ngamia wa mizigo, safari zake zimekwisha.

Hakutafuta anasa. Bare, mwanawe wa pekee, alikuwa amepeleka ngamia mbali upande wa magharibi kutafuta malisho, yeye na binamu yake Mahat, na kiangazi kilikuwa kimekaza. Zamani zetu, wachungaji wakiwa mbali, kila boma liliwasha moto mkubwa mahali palipoinuka. Aliyepotea akiuona alijua kuna maji na kuna watu wake. Lakini tulipochimbiwa kisima cha mashine watu waling'ang'ania hapo kama kupe, wakakata miti yote. Hata kuni za chai zikawa taabu. Moto wa wachungaji ukazimika, na sikuona mtu aliyeulilia.

Basi akaja fundi kutoka Garissa, kijana aitwaye Ridwan, na kibao cha sola, betri na taa.

"Hooyo," alisema, akimwita mama kwa Kisomali, "kibao hiki kinakunywa jua mchana kutwa, kinaliweka kwenye betri. Giza likiingia, taa inakula cha betri. Kipanguse vumbi kila asubuhi. Kisipatwe na kivuli, hata cha kuku."

"Na mvua ikija?"

"Mvua ikija Hadado, wewe utakumbuka sola?"

Rukiyo alicheka. "Jua hili limeniulia mbuzi miaka yote. Leo nalo litumwe kazi."

"Ila betri usiimalize kabisa. Ukiizoesha hivyo, itakufa mapema."

"Hilo nalijua. Ni ngamia mwenye ndama. Chuchu mbili zetu, mbili zake."

Ridwan, mtoto wa mjini, ilibidi aelezwe kwamba anayekamua humwachia ndama chuchu mbili.

Rukiyo alitaka taa moja tu, juu ya mlingoti mrefu nje, itazame magharibi. Ndani ya nyumba alikaa gizani, ili betri ifike alfajiri. Kila asubuhi alikipangusa kibao kwa ncha ya mtandio wake, kisha akasimama kuangalia njia. Waliomcheka walianza kuja kukaa chini ya mwanga ule, vijana wakacheza karata. Yeye hakuwahi kuketi nao.

Mahat alirudi peke yake, ndani ya lori la maji lililomwokota njiani. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Rukiyo alimnywesha kidogo kidogo, wala hakumuuliza neno mpaka alipomaliza.

"Tulikuwa karibu, eeddo," Mahat alisema. Rukiyo alikuwa shangazi yake. "Tuliona taa."

"Taa gani?"

"Nyeupe. Haichezi. Bare alisema moto wa watu wetu hucheza, ile ni kambi ya askari. Hatukuwa na vipande vya utambulisho. Alisema watatupiga na kuchukua ngamia. Tukazunguka mbali, twende kwenye lile bwawa la kusini."

"Bwawa lilikauka."

"Tulilikuta limekauka. Nilimzika hapo."

Rukiyo aliinua macho kuitazama taa yake. Kisha akauliza, "Ilikuwa inawaka vizuri?"

"Iliwaka vizuri, eeddo."

Bare alitazama vile tulivyomfundisha sisi wazee. Tangu nikiwa mtoto, taa nyeupe isiyotikisika huku kwetu ilikuwa ya askari, na mwenye mifugo aliikwepa. Ridwan alieleza kibao, akaeleza betri, na kila alichosema kilikuwa kweli. Lakini nani angemfikishia Bare habari kule porini, kwamba taa ile ni ya mama yake?

Jioni ile Rukiyo hakuiwasha taa. Alizing'oa fito za nyumba yake, zile za kukunjwa na kubebwa, ambazo hazikuwa tena na ngamia wa kuzibeba. Alizirundika mahali palipoinuka, akazitia moto, akakaa kando yake akitazama magharibi. Vijana walikuja na karata zao, wakauliza kwa nini hakuna mwanga.