Geji Iliyozungumza Volti

Mdogo wangu wa kike alikuwa na makasha ya makobo, samaki wabichi wa ziwani, na mimi nilikuwa na kiwanda cha barafu kisichotaka kuwaka. Hivyo ndivyo tulivyokutana asubuhi ile Kashikishi, ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja akimtazama mwenzake kama ndiye mwenye dawa.

Ilikuwa mwaka wa vita ya pili ya Kongo. Mimi nilikuwa nimetangulia kuvuka Ziwa Mweru. Ng'ambo, upande wa Kongo, nilikuwa nimefanya kazi ya vyombo vya kupimia katika kiwanda cha mgodi, na upande wa Zambia mwenye kiwanda kidogo cha barafu aliniajiri siku ileile aliponisikia nikitaja neno amonia, ile gesi ya kugandishia, bila kukosea. Mdogo wangu alivuka baadaye peke yake. Watoto wake wawili aliwaacha kwa mama mkwe, karibu na Lukonzolwa. Alikuwa amepanga kuwauza makobo wale kwa wachuuzi wa Kitwe, anunue petroli, arudi na boti kuwachukua watoto kabla askari hawajafika kule. Gari la wachuuzi lilikuwa limechelewa. Bila barafu, samaki wasingelisubiri.

Wengine pia walikuwa na samaki wao mlangoni, wanawake wa Puta na wa kisiwa cha Chisenga. Ila wao walikuwa na kwao pa kurudi.

Mashine yetu ilikuwa na sanduku la umeme lililotoka Ulaya. Sanduku halikuwa na namba, lilikuwa na taa tu, ya kijani na nyekundu. Lilikuwa likisikiliza presha ya amonia kupitia kipande cha chuma kisicho na uso, kilichofungwa kwenye bomba na kuunganishwa kwa nyaya mbili. Kipande hicho tulikiita geji ya nyaya. Presha ikiwa sifuri, kilituma miliampia nne. Presha ikifika kikomo, miliampia ishirini. Ile nne ya mwanzo ndiyo iliyokuwa akili yake: waya ukikatika, sanduku linapokea sifuri kamili, linajua kwamba hapo si presha ndogo, ni ukimya, na linaizima mashine. Radi ya mvua za kwanza iliiua geji ile. Sanduku likasikia ukimya. Taa nyekundu.

Mwenye kiwanda alikuwa amekwenda posta kupiga simu Kitwe, akaagiza nyingine. Alitaja kiasi cha presha, akataja ukubwa wa nati, yote sawasawa. Hakuna aliyemuuliza itoe ishara gani, naye hakujua kwamba kuna za aina nyingi. Ilipofika na basi asubuhi ile, nikaifungua karatasi mbele yake na mbele ya mdogo wangu. Niliona nyaya tatu.

"Si hii," nilisema.

"Si hii namna gani?" mwenye kiwanda aliuliza. "Presha ni ileile."

"Presha ni ileile, mukwai," nilimjibu kwa neno la heshima la huko, "lakini hii inazungumza volti. Sifuri mpaka kumi. Sanduku linataka mkondo. Nikiifunga, haina nguvu ya kuusukuma mkondo huo, na sanduku litadhani waya umekatika."

"Zipo ambazo si volti wala mkondo?"

"Zipo za swichi tu. Zinajua maneno mawili, endelea na simama. Hatuna."

Mdogo wangu alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa ameinua gunia la juu ya kasha na kuligusa jicho la samaki kwa kidole.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, "ile sanduku haiwezi kudanganywa?"

Niliogopa kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Betri na vipande vya redio mbovu vingetosha kulitumia sanduku mkondo wa katikati, siku nzima, hata bomba likiwa linapasuka. Valvu ya usalama, ile ambayo ingeachia presha yenyewe, ilikuwa imezibwa kabla sijaajiriwa kwa sababu ilikuwa ikivuja. Ng'ambo niliwahi kumbeba mtu aliyepigwa na amonia usoni. Sitaeleza alivyokuwa.

"Inawezekana," nilisema, "lakini tutakuwa hatuna mlinzi."

"Wewe uko na macho," akasema. "Utakuwa mulinzi wewe."

Kwenye kichwa cha mashine kulikuwa na geji nyingine, ya zamani, ya sindano tu. Haikutuma ishara kwa mtu yeyote. Ilikuwa na kioo, sindano na mstari mwekundu. Mwenye kiwanda alinitazama. Hakuniamuru. Nadhani ingekuwa rahisi zaidi kama angeniamuru.

Nikakubali. Mita yangu ya umeme ilibaki ng'ambo, kwa hiyo nilijaribu kipande kimoja cha redio baada ya kingine mpaka taa ya kijani ikawaka. Niliwatoa watu wote nje, nikafunga kitambaa chenye maji puani, nikasimama mbele ya kioo, mkono ukiwa kwenye swichi ya kuzimia. Mashine iliguna, ikashika. Nje wanawake walipiga vigelegele. Mdogo wangu alikuwa dirishani, vidole vyake vimeshika nondo.

Barafu ya vibao haitengenezwi kwa kupepesa jicho. Maji yanakaa ndani ya mikebe, mikebe ndani ya maji ya chumvi, na baridi inaingia taratibu kutoka pembeni kwenda katikati. Tulihitaji kutwa nzima bila kusimama. Asubuhi sindano ilitulia. Jua lilipopanda, nayo ikapanda. Niliwaomba wamwagie maji mabomba ya kupozea, wakamwaga ndoo kwa ndoo kutoka ziwani. Sindano ilishuka kidogo, kisha ikarudi, ikagusa mstari mwekundu. Ikauvuka.

Nilizima.

"Yaya, washa!" alipiga kelele dirishani. "Ni kidogo tu imepita!"

"Subiri ishuke."

Ilishuka, nikawasha. Ikavuka tena mapema zaidi, nikazima. Tulifanya hivyo mpaka macho yakaanza kuniuma na sikuweza kujua kama ninalia au ni hewa ya humo. Mara ya mwisho mdogo wangu aliingia ndani, jambo nililokuwa nimemkataza, akasimama kati yangu na swichi.

"Kama ingepasuka, ingekuwa imekwisha pasuka," akasema. "Iache, nakuomba. Iache tu. Batoto yangu iko kule, yaya. Iko kule na mimi niko hapa na samaki."

Nilimshika mabega, nikamsogeza pembeni, nikazima. Hakupigana nami. Alikaa chini kwenye sakafu yenye maji na kuficha uso wake magotini. Mwenye kiwanda alikuja akamwinua, akamtoa nje.

Tulipovuta mikebe, tulipata ganda jembamba la barafu na maji katikati. Wanawake waligawana ganda lile bila ugomvi. Mdogo wangu alipewa sehemu kubwa kuliko wote. Walijua habari ya watoto. Kesho yake harufu ilianza hata hivyo. Tulipasua samaki tulioweza, tukawapaka chumvi, tukawaanika juu ya matete. Waliobaki tuliwafukia. Gari la Kitwe lilifika wakati nzi walikuwa wengi kuliko wanunuzi, na mchuuzi hakushuka hata kuangalia.

Mdogo wangu hakuniaga. Wavuvi wa Chisenga walikuwa wanavuka kwenda ng'ambo kwa kupiga kasia, akaomba nafasi. Nilipofika ufukweni mtumbwi ulikuwa mbali, na kitambaa chake cha kichwani sikuweza tena kukitofautisha na vya wengine.

Geji sahihi ilikuja baada ya simu nyingine, safari hii niliyopiga mimi mwenyewe. Nyaya mbili. Niliondoa betri yangu, nikaifunga geji hiyo, taa ya kijani ikawaka. Mashine ilikimbia kutwa. Mchana nikaona sindano ya zamani imeuvuka mstari mwekundu, imepita hata pale ilipofika siku ile, na sanduku halikujali. Nilizima kwa hofu. Tuliondoa amonia kwenye kipande kile cha bomba, kazi ambayo wakati ule sikuwa na vifaa wala muda wa kuifanya, nikaifungua geji ya sindano na kuiweka mezani. Haikurudi sifuri. Ilibaki imeinuka pale mezani, haijafungwa kwenye bomba lolote, ikionyesha presha nzuri ya hewa ya Kashikishi. Ilikuwa ikisoma zaidi ya kweli, sijui tangu lini.

Kwa hiyo siku ile tungeweza kuendelea. Barafu ingeganda.

Mwenye kiwanda aligonga kioo chake kwa ukucha. "Usingejua," akasema. Ni kweli, nisingejua. Nimejiambia maneno hayo mara nyingi na hayajawahi kunishibisha.

Mdogo wangu alirudi mvua zilipokwisha, amekonda, miguu ina vidonda, peke yake. Mama mkwe alikuwa amekimbia na watoto kuelekea ndani, hakuna aliyejua wapi. Nilimweleza habari ya sindano jioni ileile, tukiwa tumekaa mbele ya nyumba yangu, kwa sababu nilihofia angeisikia kwa watu wa kiwandani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bon, basi," akasema. "Uko na chakula?"

Nilimpa ubwali, yaani ugali, na dagaa wetu wa hapa, chisense, akala wote.

Watoto tuliwapata vita ilipokwisha, wazima, mjini Pweto, kwa watu wa kanisa. Mkubwa alimkimbilia mama yake. Mdogo alijificha nyuma ya mwanamke mwingine, akauliza yule ni nani.