Balbu Niliyoitoa Kwenye Dashibodi

Mwanangu, kuna siku moja ya masika ambayo hunirudia kila nikisikia kijana amenunua gari la zamani na kuliingiza barabarani. Nimeambiwa na wewe umepata lako, na kwamba utabeba abiria kati ya Mikumi na Kilosa. Hongera. Kaa kidogo basi, nikusimulie.

Nilikuwa na umri kama wako, dereva wa gari la abiria, Noah kuukuu ya tajiri mmoja wa Mikumi. Injini yake ilikuwa nzuri, shida ilikuwa chaji. Unaijua ile taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri. Ukifungua ufunguo inawaka, injini ikishanguruma inatakiwa izimike. Ya kwetu ilizimika ikipenda. Ukiingia kwenye shimo inawaka, ukikanyaga mafuta inazimika.

Pale stendi madereva tulikuwa na dawa yetu. Abiria wa kiti cha mbele akiiona taa ile, anashuka na kwenda gari la jirani, na wenzake wanamfuata. Kwa hiyo wengine waliibandika utepe mweusi. Mimi nilijiona mjanja zaidi. Nilifungua dashibodi nikaing'oa balbu yenyewe. Konda wangu, Side, akapiga makofi. "Gari limepona, bosi!" Nami nikacheka.

Baada ya hapo betri ikaanza kuchoka. Nikailaumu betri. Nikasafisha vichwa vyake kwa maji ya moto, nikaukaza mkanda wa alteneta, ile mashine inayoirudishia betri umeme injini ikizunguka. Mwisho nikaazima betri nyingine, nayo ikafa vilevile. Kwa fundi sikwenda. Tulizoea kusukuma kila asubuhi, gari likiwaka tunasema twende.

Siku hiyo mvua ilikuwa imefunga tangu alfajiri. Stendi palikuwa na lori la mahindi linalokwenda Kilosa, na juu ya magunia alikuwa ameketi mama wa makamo aliyetoka Malolo, Mama Zuhura. Side alipomwona akamkimbilia.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Marahaba, baba. Mabwerebwere, kule Kilosa. Kaka yangu amefariki."

"Pole sana, mama. Sasa huko juu si utalowa mpaka mifupa? Shuka ukae ndani. Hilo lori tutalipita kabla halijafika kijiji cha Ulaya."

Mama alishuka taratibu, akaja mpaka dirishani kwangu. "Dereva, gari ni zima?"

"Zima kabisa, mama," nikamjibu.

Akapanda kiti cha mbele. Akaniambia kaka huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa, na kwamba mazishi ni baada ya sala ya adhuhuri. Kwetu, unajua, wanaume wakishalibeba jeneza kwenda makaburini, wanawake hubaki nyumbani. Alichotaka ni kumwona uso tu, jeneza likiwa bado ndani.

Lori likaondoka. Sisi tukabaki tunasubiri viti vijae.

Tulipotoka, mvua ilikuwa kubwa na mbingu nyeusi. Nikawasha taa, nikawasha waipa. Baada ya mwendo kidogo waipa zikaanza kuvuta miguu. Nikapiga honi kumfukuza ng'ombe, ikatoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Abiria wakacheka. Tulipoipita Ulaya, katikati ya pori, gari likazima.

Tukashuka kusukuma kwenye tope. Mwanamke mmoja akauliza, "Konda, nauli yetu ni ya kukaa au ya kusukuma?"

"Ya kukaa, shangazi," Side akajibu. "Kusukuma tunawapa bure."

Watu walicheka tena. Mama Zuhura hakucheka. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ndala ziko mkononi, anasukuma kuliko wanaume. Gari halikushtuka hata kidogo. Betri ilikuwa imekauka kabisa.

Tulikaa sana kabla trekta la shamba halijatokea na kutuvuta kwa kamba, polepole, mpaka Kilosa. Njia nzima mama yule aliangalia mbele tu.

Hapo nikamsindikiza mpaka kwao Mabwerebwere. Tulipofika, wanaume walikuwa wanarudi, majembe begani, tope mpaka magotini. Mzee mmoja wa familia akamshika mkono. "Tulikungoja, dada. Lakini kaburi lilikuwa linajaa maji. Tusingeweza tena."

Akakaa chini pale kizingitini. Nikamsogelea nimpe pole. Hakupaza sauti. "Baba," akasema, "mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye lori."

Kesho yake nikalipeleka gari kwa fundi wa umeme. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Ukifungua ufunguo, taa ya chaji inawaka?"

"Nimeitoa."

"Umeitoa! Kwa nini usitoe na usukani?" Kisha akanieleza. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme mdogo unaoiamsha alteneta hupitia kwenye balbu ile. Ukiing'oa, alteneta inazunguka bure, haichaji. Ile kuwaka na kuzimika ya mwanzo ilikuwa kaboni zake tu, vile vipande vinavyosugua ndani yake, zimeisha. Akabadilisha kaboni, akarudisha balbu. Kazi ndogo, mwanangu. Ndogo mno.

Baadaye nilikwenda Malolo kumwomba radhi. Mama Zuhura alinikaribisha, akanipa maji, akasema yamekwisha. Lakini hakupanda gari langu tena. Kila aliposhuka Mikumi alipita mbele yangu, tukasalimiana vizuri, akaenda kwenye malori.

Sasa nisikilize. Kabla ya kupakia, fungua ufunguo uone taa ya chaji inawaka; usipoiona, usiondoke. Washa injini, taa hiyo izimike. Weka mita ya umeme kwenye betri injini ikiwa inazunguka: kipimo kisipopanda, tazama mkanda, nyaya, kisha kaboni. Betri iwe ya mwisho kulaumiwa. Na abiria akikuuliza kama gari ni zima, mjibu lilivyo, hata kama atashuka na wenzake wote. Wewe unaona kiti tu. Hujui yeye anakwenda kumkuta nani, wala huyo atakuwa bado yupo mpaka saa ngapi.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akupe ulimi usioogopa kusema ukweli, na kila utakayempakia afike kwa watu wake wakiwa bado wanamngoja.