Kimanga cha Kwenda Msituni

Miaka ya Hali ya Hatari nilikuwa mpishi kwenye kambi ya jeshi nje kidogo ya Voi. Biskuti za askari zilikuwa ngumu kama kigae. Walizitupa njiani, na kila doria ilirudi upesi kwa njaa. Afande wangu, mzungu mwenye subira, akaniambia nijaribu chakula cha kwetu, mradi kikae siku nyingi na kilike.

Kwetu milimani Taita chakula ni kimanga, maharagwe na mihogo iliyopondwa pamoja. Ni kitamu, lakini kikilala kinachacha. Nilikianika juani, kikaota ukungu. Nikazidisha chumvi, askari wakakitema. Jiko zima likanicheka.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kikuyu, mjane aliyeniuzia maharagwe sokoni Voi.

"Mpishi, wewe unaogopa moto," aliniambia. "Chemsha, anika, halafu kaanga bila mafuta mpaka iungue kidogo. Ndiyo usage. Hiyo haiozi."

Kwetu mtu akiunguza chakula husemwa hadi ukweni. Hata hivyo nikaunguza, maharagwe na mihogo pia. Unga ule ulikaa kwenye debe msimu mzima, na ukitiwa maji ya moto ulinukia moshi vizuri hata afande akaomba sahani ya pili. Kuanzia hapo ukapakiwa kwenye magunia na kupelekwa bara, kwa askari waliokuwa wakiwasaka wapiganaji msituni.

Nilimpelekea yule mama sukari ya shukrani nyumbani kwake, naye akanipakulia chakula. Akafunga mlango, akaniambia jambo ambalo sikutaka kulijua. Mwanawe wa pekee alikuwa ameingia msituni na wapiganaji.

"Nakuambia kwa sababu umekula kwangu," alisema. "Niombee arudi."

Jumapili nilimwombea kanisani. Jumatatu nikakaanga maharagwe. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nilizidi kulikoleza. Nilijua chakula kile kinaliwa wapi na wanaokula wanamtafuta nani. Nikajiambia mpishi hana vita. Uongo mtupu, na hata siku ile niliujua.

Kisha koplo mmoja, mtu wa kwetu, akaja likizo. Alinikumbatia jikoni.

"Kaka, chakula yako imetusaidia sana. Zamani tulikuwa tunarudi mapema. Siku hizi tunakaa huko huko, tunangoja mpaka njaa iwatoe hao wa msituni." Akacheka. "Tulishika kijana mmoja, amekonda mbaya. Nikamwonjesha. Akaanza kulia. Ati mamake ndiye huunguza maharagwe namna hiyo."

"Yuko wapi sasa?"

"Walimnyonga, kaka."

Huenda hakuwa yeye. Akina mama wanaounguza maharagwe ni wengi, nilijiambia hivyo njia nzima kwenda sokoni. Sikujiamini. Nilikuwa nimeazimia kumwambia, na maneno nilikuwa nimeyapanga kwa heshima yote.

Nilimkuta akipima maharagwe kwa kopo. Akainua uso.

"Haya mpishi, askari bado wanaipenda?"

Nilifungua kinywa. Naona haya hata leo kuandika kilichotoka.

"Wanaipenda sana, mama."

Alifurahi. Akajaza mfuko wangu, kisha akachota konzi mbili zaidi akaziweka juu.

"Hii ni ya bure," alisema. "Endelea kumwombea yule kijana wangu."

Nikapokea.