Zefania na kucha za Gadi, simbilisi wa Utemini

Saa tatu asubuhi, upepo wa Singida umeshaamka na vumbi lake, na mtaani Utemini inasikika milio ya chupa ndogo zinazogongana. Akina mama hawahitaji kuchungulia dirishani. Anayepita ni Zefania, kijana anayepaka rangi za kucha, kikapu mkononi na kigoda begani.

"Wewe kaka wa kucha, mbona unanipita?" anaita mama mmoja anayechambua mchicha barazani.

"Nakuja, dada yangu. Ngoja kwanza nikamwone bosi!"

Bosi huyo anakaa nyumba yenye geti la bluu. Zefania akilikaribia, anafanya jambo ambalo halifanyi kwingine kokote. Anagonga chupa mbili tu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kisha anasimama kusikiliza. Kutoka ndani inajibu sauti nyembamba: wiii, wiii, wiii!

"Umesikia? Ananiita," anasema, na uso mzima unacheka.

Anayeita ni Gadi. Usicheke, msomaji: Gadi ni simbilisi, yule mnyama mdogo anayefanana na sungura aliyepunguziwa masikio na kunyimwa mkia kabisa. Huko Iringa na Njombe wengi huwafuga kwa kitoweo. Gadi si kitoweo. Gadi ana jina, ana sanduku lake la mbao lenye majani makavu, na kucha zake zina fundi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umechelewa. Mwenzio kanipigia kelele tangu nimefungua mlango."

Bibi Dorika, mjane aliyevuka miaka sabini, ameketi kwenye mkeka sebuleni. Mikono yake iko chini ya kanga. Ndivyo anavyokaa siku zote, joto au baridi.

Zefania anaacha kikapu mlangoni, anakwenda kunawa kwa sabuni, ananusa viganja vyake, anarudi kunawa tena. Dawa ya kutolea rangi ina harufu kali, anaeleza, na simbilisi huona dunia kwa pua kwanza. Kisha anaketi sakafuni, si kwenye kigoda.

"Ukikaa chini, hata akichoropoka hana pa kuanguka," anasema. "Mifupa yake ni laini, huyu."

Anamchukua Gadi kwa mikono miwili, mmoja kifuani, mwingine ukibeba makalio, na kumweka mapajani juu ya kitambaa. Anamfunika na kubakiza mguu mmoja tu nje. Hamlazi chali hata kidogo. "Ukimlaza chali, moyoni mwake anajua ameshaliwa," anasema, na Bibi Dorika anatikisa kichwa kukubali.

Kipande cha pilipili hoho kinatangulia. Gadi anapotafuna, Zefania anashika kidole kimoja kwa wepesi na kuinua ukucha kuelekea mwanga wa dirisha. Ndani ya ukucha mweupe kuna mstari mwekundu. Huo ni mshipa wa damu, nao hauguswi. Anakata ncha tu, mbele kabisa ya mstari. Tak. Gadi anavuta mguu.

Zefania hamvuti. Anaulegeza mkono, anangoja, anamwongelesha habari za mvua na bei ya vitunguu. Mguu unarudi wenyewe, na kazi inaendelea.

"Naye ana siku zake," anasema. "Akikataa kabisa, tunaishia hapo hapo. Nitarudi kesho, kucha hazikimbii."

Subira hiyo hakuzaliwa nayo. Zefania alizaliwa Mkalama, kwa wazazi wanaolima alizeti na vitunguu, na alipoingia Singida mjini alianza kwa kubeba mizigo stendi. Rafiki yake Enock ndiye aliyemfundisha kucha. Kijijini habari zilipofika, baba yake alikaa kimya msimu mzima. Mwanaume mzima kushika miguu ya wake za watu! Hata leo siku nzuri inampa chakula na kodi ya chumba, na siku mbaya inampa vumbi tu. Lakini anapenda kazi yake, na hilo analisema bila kutafuna maneno.

Kwa upande wake, Gadi alikuja na mzee Gaspari, marehemu mume wa Bibi Dorika. Mzee alikuwa gadi wa treni, akipanda na kushuka stesheni ya Manyoni kwa miaka mingi, filimbi mdomoni na bendera mbili kwapani, nyekundu ya kusimamisha na kijani ya kuruhusu safari. Alipostaafu, rafiki yake wa Njombe alimletea simbilisi mchanga. Mnyama alipopiga mluzi wake wa kwanza akidai majani, mzee alicheka hadi machozi. Akasema, huyu ndiye gadi, mimi sasa nimestaafu kweli.

Mzee ndiye aliyekuwa akimkata kucha. Alipofariki, kucha ziliendelea kukua. Sakafu ya saruji haikuzipunguza, zikapinda, na mmoja wa mguu wa nyuma ukaanza kugeuka kuelekea kwenye unyayo. Bibi Dorika alishika mkasi siku moja akauweka chini. Mikono yake hutetemeka, na aliogopa kumtoboa.

Binti yake, Rebeka, anayeishi Kiomboi na familia yake, hakuzunguka kwenye simu. "Mama, huyo mnyama anateseka. Kuna mtu huku anafuga, nitakuja nimchukue."

"Na alikuwa na haki," anasema Bibi Dorika. "Gadi anachechemea, mimi namwangalia tu. Lakini mwanangu, nyumba hii nikiamka nani atanipigia kelele?"

Ndipo asubuhi moja mwaka jana, mvua zilipokwisha, akasikia chupa za Zefania zikipita nje ya geti, akatoka na kumwomba amkate Gadi kucha.

Kijana anakiri kwamba alidhani ni mzaha. Kisha akaona ule ukucha uliopinda, akaona na macho ya bibi, akasema atajaribu. Akanunua kikata kucha kipya ili asitumie cha wateja. Akamfunga Gadi vizuri kwenye kitambaa, akaketi vizuri, akaweka kikata kucha kwenye ukucha wa kwanza. Hadi hapo hakuna fundi ambaye angemlaumu.

Tatizo ni kwamba wapaka rangi wana desturi yao. Kabla ya kuanza kazi, mkono usioshika kitu hugonga chupa mbili pamoja, kumwambia mteja kaa sawa, tunaanza. Enock alimfundisha hivyo, na Enock naye alifundishwa hivyo. Zefania amefanya hivyo kwa kila mguu aliowahi kuushika, na mkono wake haukumuuliza ruhusa. Kling!

Chupa zililia kando ya sikio la Gadi. Mnyama aliruka ndani ya kitambaa, kikata kucha kikafunga, na damu ikatoka.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Zefania. "Kitu kidogo vile, kikalia vile! Nikajua nimemuua, na nimemuua na bibi."

Bibi Dorika hakupiga kelele. Alikuja na unga laini wa mahindi kwenye kisahani, akamwambia aushindilie kwenye ncha ya ukucha na asiachie. Damu ikakatika. Zefania aliinuka akiomba radhi hadi getini, akijua hataitwa tena. Bibi akamfuata hadi pale.

"Kesho uje," akamwambia. "Ila kikata kucha ukiache kwako."

Hapa Zefania anaacha kukata, anamsugua Gadi kichwani kwa muda. "Mtu mwingine angetangaza mtaa mzima. Ningekosa hata mguu mmoja wa kupaka. Yeye akaniambia nije. Mungu ambariki huyu bibi, nasema kila siku."

Akaja kesho yake, na siku zilizofuata, mikono mitupu. Alikaa sakafuni na hoho yake. Mwanzoni Gadi alijichimbia kwenye majani. Kisha akatoa pua. Kisha akakubali kuguswa mguu, kidole, ukucha. Na kwa kuwa chupa ndizo zilizoleta balaa, Zefania alianza kuzigonga getini, mbali na kwa upole, halafu anaingia na hoho. Haikuchukua muda mrefu Gadi akaelewa kwamba mlio ule sasa unaleta chakula, akaanza kuujibu.

Ukucha ule mbaya ulikuwa haujakatwa bado Rebeka aliposhuka kwenye basi la Kiomboi akiwa na boksi lililotobolewa matundu.

"Ni wewe uliyemtoa damu?" aliuliza.

"Ni mimi, dada."

"Na bado unakuja?"

"Bibi aliniambia nije."

Rebeka aliweka boksi katikati ya sebule, akakunja mikono. Ukucha uliopinda ulikuwa mweusi tii, mshipa hauonekani. Zefania akamwomba dada awashe tochi ya simu yake na aishike nyuma ya ukucha. Rebeka akasita, kisha akapiga magoti. Mwanga ulipopenya, kivuli cha mshipa kilijitokeza, na mbele yake kipande kirefu kisicho na kitu.

Zefania alikata kidogo. Akangoja. Akakata tena kidogo, hadi ncha ikaacha kugusa unyayo, akaishia hapo, maana mshipa nao ulikuwa umerefuka na unahitaji muda kurudi nyuma. Gadi alitafuna hoho mwanzo hadi mwisho. Alipowekwa chini, alikanyaga mguu wake, akaunusa, akaenda zake kwenye majani bila kuchechemea sana.

"Basi boksi langu limekuja bure," Rebeka alisema, akijifuta macho na kusingizia vumbi.

"Halijaja bure," mama yake akamjibu. "Utabebea vitunguu."

Tangu hapo Zefania hupita karibu kila mwezi. Malipo hataki. Bibi naye hataki kusikia hilo, kwa hiyo kijana haondoki bila chupa ya mafuta ya alizeti au kuku wa sikukuu, na ugomvi wao wa getini majirani wanaujua.

Leo ukucha wa mwisho umekatwa. Gadi anafunguliwa kutoka kwenye kitambaa, anajitikisa, anadai hoho nyingine na kuipata. Zefania anakunja kitambaa. Yuko tayari kuaga.

"Usikikunje," anasema Bibi Dorika.

Anatoa mikono yake chini ya kanga. Inatetemeka, na kucha zake hazilingani: nyingine ndefu, nyingine zimeliwa hadi nyama, na kwenye ncha za vidole kuna makovu ya wembe. Anaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Gaspari ndiye alikuwa akinikata na mimi," anasema taratibu. "Alianza na Gadi, akamalizia na mimi. Nimeona haya kusema. Lakini nimekuangalia siku zote hizi. Akivuta mguu, unangoja. Nikasema, atanisubiri na mimi."

Zefania anainuka. Anakwenda kunawa tena, na anachukua muda mrefu huko. Anaporudi, macho yake ni mekundu. Anatandika kitambaa mapajani na kuupokea mkono wa kulia. Mkono unaruka. Anangoja. Unapotulia, tak. Unaruka tena, anangoja tena.

"Mji huu una wazee wangapi wanaoficha mikono yao?" anauliza baadaye, bila kuinua kichwa. Anasema ataanza na mtaa huu, mlango kwa mlango, siku moja kila wiki, na atamwomba Enock washirikiane. Kisha waende Manyoni kwa wazee wa reli, waliofanya kazi na mzee Gaspari. "Mimi nimefundishwa subira humu ndani. Sitakaa nayo peke yangu."

Kucha zote kumi sasa zinalingana. Bibi Dorika anaziinua kwenye mwanga wa dirisha, kama Zefania anavyoinua za Gadi.

"Na rangi je?" anauliza.

Zefania anacheka kwa mshangao, anavuta kikapu kutoka mlangoni. "Rangi gani, bibi? Nina waridi ya kistaarabu, nina hii ya kijani imeingia juzi..."

"Kijani usinipake. Gadi wa treni akiinua kijani, safari imeanza." Bibi anaweka mkono wake juu ya kitambaa, na mkono unatetemeka kidogo, kisha unatulia. "Nipake nyekundu, mjukuu wangu. Mimi bado nipo stesheni."