Kwa Mpiga Besi wa Dhaka, Muleba

Niliondoka Bukoba kwa sababu bendi yetu ilikuwa inakufa. Tuko wanne, tunapiga roki pale Kitendaguro, mimi nikiwa kwenye gitaa. Mwimbaji wetu, Mutta, ni mtoto wa shangazi yangu, na alikuwa ametangaza kwamba anaacha. Mimi nataka tuimbe Kihaya. Yeye anasema roki ni ya Kiingereza, Kihaya kibaki harusini. Ilibaki wiki moja tutumbuize kwenye sherehe ya mavuno parokiani. Ndipo muuguzi mmoja akaniambia kuwa Muleba anaishi mzee wa Bangladeshi aliyewahi kuwa kwenye bendi ya roki iliyotikisa nchi yao.

Nikamwambia Mutta, "Twende tukamsikie. Ukirudi bado unataka kuacha, sitakusumbua tena."

Saa moja asubuhi tulipanda mchomoko, zile gari ndogo za abiria. Gitaa lilikaa magotini kwa Mutta, akanuna nalo mpaka Kemondo. Baada ya Muhutwe mvua nyepesi ilianza kunyesha juu ya migomba, naye akasinzia akiwa amelikumbatia.

Muleba tulifika saa tatu. "Kwa Mzee Anwar? Yule wa sola?" aliuliza wa bodaboda, na hatukuhitaji kueleza zaidi. Mke wa mzee huyo ni daktari wa hospitali ya misheni. Mzee mwenyewe hufunga mitambo ya umeme wa jua. Tulimkuta mlangoni, mwembamba, mvi zimefungwa nyuma kama mkia.

"Kasinge waitu!" akatuamkia kabla yetu, kwa heshima ambayo sisi ndio tulipaswa kumpa. Mutta akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Alitukalisha, akatuletea chai ya maziwa yenye iliki, kisha akasimulia. Walianza wakiwa wanafunzi wa chuo Dhaka, wakiiga nyimbo za Kiingereza kwenye hoteli za matajiri. "Watu walikula," alisema. "Hakuna aliyetutazama." Siku moja walialikwa kwa wafanyakazi wa kiwanda cha magunia ya juti. Nyimbo tatu za Kiingereza, kimya. Kwa hofu, mwimbaji wao akaanza wimbo wa wapiga makasia wa kijijini kwao, kwa Kibangla, na wenzake wakamfuata kwa magitaa. Uwanja mzima ukaimba.

"Bendi tuliiita Kochuripana. Maana yake gugumaji, hilihili la ziwani kwenu. Baba yangu alisema muziki wetu haufai kitu na hauishi, kama gugu hilo. Tukaona ni jina zuri!"

Redio ziliwakataa. Kaseti zao zikapigwa kwenye mabasi na vibanda vya chai, na miaka michache baadaye kila mtaa ulikuwa na vijana wenye bendi wakiimba kwa lugha yao.

"Halafu?" Mutta aliuliza.

Mzee akazungusha kikombe. "Tukagombana. Mimi na mwimbaji. Jina la nani litangulie kwenye kasha la kaseti! Miaka tisa hatukusemezana. Tulipopatana, sauti yake ilikuwa imeharibika kwa ugonjwa. Nyimbo za miaka ile tisa hakuna atakayezisikia."

Kisha akaingia chumbani, akatoka na besi iliyochubuka rangi, akaichomeka kwenye spika. "Sasa nyinyi. Kitu cha nyumbani kwenu."

Nilimtazama Mutta. Alikohoa, akaangalia chini, akaanza wimbo ambao bibi yetu huuimba akimenya ndizi. Nikaingia na gitaa. Besi ya mzee ilipoungana nasi, vikombe vilitetemeka mezani, na daktari, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu, akaanza kupiga makofi mlangoni na koti lake jeupe. Ubeti wa pili Mutta hakuujua. Akaurudia wa kwanza mara nne, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Saa tisa tuliaga. "Wakola waitu," Mutta alimshukuru mzee, akimshika mkono kwa mikono yote miwili.

Njiani kurudi hakusema kama anabaki au anaacha, nami sikuuliza. Nilikuwa nimejifunza kwamba bendi haifi kwa kukataliwa na redio. Hufa watu wake wanapoacha kusemezana. Karibu na Kemondo Mutta alitoa simu, akampigia bibi, akaweka sauti kubwa.

"Bibi, ubeti wa pili unasemaje?"

"Wa nini?"

"Tunauimba Jumapili parokiani."

Bibi akauimba. Dereva, Mhaya wa Kamachumu, akapunguza redio, akaupokea.